Matete Uliyoyaacha Yasimame

Mwaka umetimia, Baba Mgeni, tangu tukuzike, mwezi wa tatu mwaka hamsini na sita, masika yakiwa mlangoni. Hukungoja hata mvua uliyoitabiri mwenyewe. Haraka ya nini, mume wangu? Mtu uliyemaliza asubuhi nzima ukichagua tete moja la kukata!

Ulitulisha kwa bustani yako ya mchicha kule bonde la Msimbazi. Kila alfajiri ulishuka pekupeku, ukachovya kidole gumba cha mguu kwenye tope, ukarudi na habari za mvua kama mtu aliyepokea simu ya upepo. Sokoni Kariakoo walikucheka, kisha wakaanua vitu vyao kwa neno lako.

Ukingoni, kati ya mto na kisima cha mtaa, uliacha matete yasimame. Ulikata yaliyokomaa tu, moja huku, moja kule. Penye kiota cha mnana hukugusa. Nduguyo Safari alipoinua panga ukamwambia, "Mwenzio ana watoto, wewe una panga. Ngoja wakue ndipo mzungumze."

Jirani yetu Severine, Mchaga mwenye duka, aliyataka ya kuzungushia jiko. "Mzee Kitwana, hayo matete unamfugia nani?"

"Mto, Bwana Severine. Ukiuvua nguo, utakuja kuomba kanga kwa mke wangu."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kwenye matanga yako watu walijaa, na jua lilikuwa kali. Tukasema Kitwana hawezi kuaibishwa. Safari na wenzake wakafyeka matete yote, tukakujengea banda ambalo hata Mnazi Mmoja hawajaona mfano wake. Vishina vikabaki vikali kama misumari. Ili wachota maji wasijichome, Safari akaving'oa na mizizi yake. Kwa upendo, Baba Mgeni. Na mimi ndiye niliyemwambia.

Siku ya kumi na tisa mvua ikashuka. Ukingo ukalainika kama andazi ndani ya chai. Bustani ikaenda na maji, kisima kikajaa tope. Leo mke wa muuza mchicha ananunua mchicha, na maji anayapangia foleni bombani. Severine, mstaarabu yule, hanikumbushi neno la kanga. Afadhali angenikumbusha.

Bintiyo amepanda mashina matatu. Juzi mnana alitua, tete likapinda, akaondoka zake.

Hitima yako ni Jumapili hii baada ya adhuhuri, nyumbani, Mtaa wa Sikukuu. Banda hatujengi. Wageni watakaa juani, na atakayeuliza kwa nini, ataambiwa.

Unakumbukwa na mkeo Sitara, bintiyo Mgeni, nduguyo Safari ambaye hajashika panga tangu siku ile, na majirani zako Severine na Blandina.

Mola akulaze pema. Kukusahau hatuwezi, mto wenyewe hautupi nafasi.