Mashine Iliyosahau Nyasi Kila Asubuhi

Mbagala, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujakaa vizuri, pokea habari: mwanao nimepata bahati ambayo hapa Mbagala watu wanaiombea dua. Nimefanywa msimamizi wa mashine zote za ukumbi wetu wa gemu! Bi Zuhura, mwenye ukumbi, kanikabidhi mwenyewe. Nikipita mtaani wananiita injinia, nami naitika.

Mguu wako unaendeleaje? Na cherehani, ule mkanda ulishabadilishwa? Mie mzima, nimenenepa kidogo shingoni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu haya nataka uyasome mara mbili.

Mama, dunia ina mambo. Kompyuta zetu ni kuukuu, zilitupwa na maofisi. Gemu zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya mashine zenye mfumo mwingine kabisa. Sasa Rehema, dada wa Tabata ninayefanya naye kazi, yeye kasomea haya, aliweka humo programu ya bure inayokaa katikati kama mkalimani. Gemu linasema kwa lugha ya kwao, programu inaigeuza, mashine inaelewa, picha inatokea. Picha sitini kwa sekunde moja! Wewe hapo hata uzi hujaupitisha kwenye sindano.

Lakini zilikuwa zinakwama. Mchezaji anakwenda kupiga penalti, mguu unaganda hewani, ukija kushtuka mpira uko mikononi mwa kipa. Vijana wakaanza: "Oya Shaibu, hii mechi au picha ya pasipoti?" Mmoja mmoja wakahamia ukumbi wa ng'ambo ya barabara.

Rehema alihangaika. Akapunguza vivuli, akapunguza ukubwa wa picha, akaweka toleo jipya la programu. Mchana mashine zinachangamka, asubuhi yake zinakwama vilevile. Alhamisi akaingia Bi Zuhura, mtu wa Mtoni, mdomo hauna breki.

"Rehema mwanangu, umeniwekea gemu au kalenda ya ukutani? Hicho kidude chako cha bure kikikwama Jumamosi, ondoka nacho."

Jumamosi ndiyo vijana wa Tabata walikuwa wanakuja kushindana na wa kwetu. Rehema akainamia mashine. Kazi hii aliisaka miaka, kila ofisi ikimwambia asubiri kupigiwa simu.

Ijumaa asubuhi akaniita. "Shaibu, njoo uone." Kafungua sehemu fulani ndani ya mashine, tupu. Akanieleza kwamba gemu likichora kitu mara ya kwanza, nyasi, moshi, jezi, mashine inasimama kidogo itengeneze maelekezo ya kukichora, kisha inayahifadhi. Ndiko kule kukwama. Kesho yake haitengenezi tena, inayachukua tu. Mama, nilikuona wewe na vile vipande vya mfuko wa saruji unavyokatia sare za shule! Unakata mara moja, unatundika, mwakani unafuatisha.

"Sasa kuna mtu anayafuta kila siku," Rehema akasema. "Asubuhi mashine haikumbuki hata nyasi."

Unajua nilivyo msafi. Simu yangu inajaaga kila wiki, nimezoea kufuta takataka. Basi kila tukifunga nilikuwaga nabonyeza kitufe cha kusafisha, mashine moja baada ya nyingine, huku najisifu moyoni. Nilidhani ni makombo.

Kumbe Bi Zuhura yuko mlangoni, kasikia. Akamgeukia Rehema. "Nani mwingine hapa anayejua mafaili? Umefuta mwenyewe, sasa unanitafutia sababu!"

Rehema akaanza kukunja waya wa chaja yake, anautia mkobani. Mama, ningeweza kunyamaza. Na nilinyamaza, mpaka Rehema akapiga kama hatua tatu kuelekea mlangoni.

"Bi Zuhura, ni mie. Nilikuwa nasafisha."

"Unasafisha?"

"Ndiyo, mama."

"Si ungesafisha hayo masikio kwanza, ukauliza!"

Rehema akacheka mpaka akakalia kreti la soda. Siku ile nzima tukazichezesha mashine zote, mechi juu ya mechi, zijikatie vipande vyao upya. Tulipofunga sikugusa kitu, mikono niliiweka mfukoni.

Jumamosi hakikuganda kitu. Mvua ilinyesha ndani ya gemu, nikaona tone likitua begani mwa mchezaji, jezi ikalowa palepale. Na nyasi, Mama! Kila jani limesimama kivyake na kivuli chake, mpira ukipita yanalala, yanainuka. Vijana wa Tabata walikuja na maneno mengi, dakika ya kwanza tu wakatulia kama wako msikitini. Mie nilisahau soda ya mteja mkononi. Fikiria, mtu nisiyemjua, sijui hata yuko nchi gani, kakaa akaandika mkalimani yule, akamtoa bure, akafika mpaka Mbagala ndani ya kisanduku kilichotupwa. Mwili ulinisisimka.

Nisalimie dada Mwajuma mpika vitumbua, mjomba Bakari fundi baiskeli, na bibi, mwambie namwombea macho yake.

Ni mie mwanao ninayekutaja kila nikishika sahani,
Shaibu

N.B. Karatasi imeisha, siwezi kuandika upya. Ule usimamizi ni uongo, Mama. Msimamizi ni Rehema. Mie nafagia sakafu, na mashine nimekatazwa kuzigusa.