Askari Niliyemwita Baba

Ibadakuli, Shinyanga

Dada yangu Zamoyoni,

Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya miguu yangu isiyoweza tena kufika Bugarama. Goti lako linasemaje? Na wajukuu wako wachimbaji, bado wanarudi na vumbi bila dhahabu? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Anayeniandikia ni Khushbu wa dukani. Nimemwambia asiyapambe maneno yangu. Simu sitaki, ungesingizia mtandao ukakata.

Unaujua ugonjwa wangu wa kukusanya kadi za picha za askari waliopelekwa Bama, yaani Burma, vita vya Hitla. Nyingi nilizipata kwa marehemu Mansukhlal, babu mkwe wa Khushbu, maana askari walizituma kupitia duka lake na nyingine hazikuchukuliwa na mtu. Nyingine nimezipata matangani. Wenzangu wanarudi na shibe, mimi narudi na picha. Mtu aliyeachwa tumboni na baba aliyekwenda Bama asirudi, huutafuta uso wake popote.

Unaikumbuka ile ya kijana aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa bata, kakunja ngumi kama anayeogopa kupigwa picha? Nilikuletea, ukaishika, ukalia, ukasema ndiye. Nikaitundika ukutani. Kila Shaabani nikamsomea hitma. Maalimu Abdulshakur alinikataza kuweka picha mbele ya wasomaji, basi nikaiacha chumbani, mlango wazi.

Mwezi uliopita akaja Jilala, muuza michembe ya viazi vikavu wa Didia. Nikamwita ndani anipimie. Akaiona picha, akavua kofia, akauliza babu yake anafanya nini nyumbani kwangu. Nikamwambia macho yake yana ukungu. Hakubishana. Siku ya gulio akarudi na picha yao: pazia lile lile, bata wale wale, ngumi ile ile. Babu yake alirudi kutoka Bama, akalima pamba, akazaa, akazeeka. Nilipomweleza habari za hitma, akaniuliza taratibu, "Mama, babu alikunywa pombe mpaka siku ya kufa. Hizo dua zilimkuta wapi?"

Nilicheka, dada. Alipoondoka nikaishusha picha, nikakaa na ukuta mtupu.

Sasa nasema lililonifanya nikuandikie. Siku ile hukumtambua baba. Hukuwa na uso wake kichwani wa kulinganisha. Alipoondoka ulikuwa bado unabebwa mgongoni, na maisha yangu yote nimekuonea wivu kwa kitu usichokuwa nacho. Ulisema ndiye kwa kunihurumia, au kwa sababu nawe ulitaka awe ndiye. Sikulaumu. Nilidhani kwetu mimi peke yangu ndiye nisiyemjua. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja analia kwake.

Njoo Shaabani hii. Wajukuu wakupandishe basi. Tutamsomea baba kwa jina lake, Feruzi bin Salum, bila picha. Usiniletee uongo mwingine, hata wa huruma. Jilete wewe.

Nisalimie wote hapo, hasa huyo anayekusomea. Mwambie asiruke mstari hata kama unalia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwahija binti Feruzi