Mbuzi Aliyempindua Mwenyekiti wa Kileleshwa

Mpendwa Baba,

Jumamosi wapangaji wa jengo letu walikutana juu ya paa kuchagua mwenyekiti, nami nilipanda ngazi nikiwa na nia moja tu: kukataa. Walikuwa wakinitaja tangu tulipokuzika. Sababu ya kukataa ulinipa wewe mwenyewe.

Unamkumbuka mwenyekiti wetu wa kwanza? Maji yalikuja yakitaka, wenye magari pekee ndio waliopiga kura, na yeye akapiga marufuku mikutano. Wewe, mwalimu wa historia, ulifurahi ajabu. "Msichana yangu," ukaniambia jikoni, "hapa ni Paris tupu." Ulimaanisha Paris ya mwaka wa 1848. Mazao yalikuwa yameharibika, mkate ukapanda bei, kura ilikuwa ya matajiri, na mfalme hakutaka mikutano ya siasa. Basi watu wakaanza kuandaa karamu, na kila aliyeinua glasi alitoa hotuba.

Nawe ukaanza kuchoma mbuzi juu ya paa. Tulikula mbavu kwa amani, lakini tukifika kwenye paja tulilalamikia maji.

Mwenyekiti akapiga marufuku mbuzi, kama mfalme alivyozuia karamu. Watu waliovumilia mifereji mikavu hawakuvumilia kunyimwa nyama. Waliziba lango kwa makochi na friji ya Mama Brayo wa ghorofa ya pili, naye mwenyekiti akatorokea mlango wa nyuma, leso ya mkewe kichwani. "Hata mfalme alitoroka amejibadilisha," ulitueleza, mfupa mkononi.

Tukapata kura kwa kila nyumba. Miaka yote uliwafundisha wanafunzi wako kwamba Wafaransa, baada ya kumwaga damu, walimchagua mpwa wa kaizari wao wa zamani kwa ajili ya jina, naye akajifanya kaizari. Sisi tukaletewa mpwa wa yule jirani marehemu aliyetununulia tangi la maji. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wako. Mama alipokuuliza, ukasema, "Lakini jina ni nzuri." Mpwa huyo hakutoka kitini hadi mwezi uliopita, alipohamia Kitisuru.

Basi Jumamosi nikawaeleza haya yote. Niliwasihi wasimchague mtu kwa jina la babake. Niliongea sana, nikiinua kidole kila nilipofika kwa mfalme. Nilipomaliza, wote walikuwa wakicheka. Kisha Mama Brayo akasema, "Si anaongea tu kama Mwalimu. Wacha apewe hiyo kiti." Mikono yote ikainuka.

Nilitaka kukasirika, Baba, nikalia. Ni muda mrefu sijasikia watu wakikutaja huku wakicheka. Nimekubali.

Leo asubuhi watoto wa ghorofa ya tatu waliniamsha kwa kelele, na kabla sijanywa chai nilikuwa nimeandika tangazo la kuwapiga marufuku. Nimelichana, ingawa lilikuwa limeandikwa vizuri sana.

Pumzika, Baba. Ukikutana na yule mfalme huko, mwambie namwelewa kidogo.

Binti yako,
Mwenyekiti