Mtoto Uliyeahidiwa

Ak-Jee, kando ya ziwa Issyk-Kul
Mwisho wa Agosti

Mama yangu Sayrakan,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia kutoka huku ziwani, nikiomba barua hii ikukute umekaa mlangoni mwa hema lako na chai mkononi, si kitandani. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Toktosun dereva akuletee, unaipaka, au umeifungia sandukuni pamoja na ile ya mwaka jana? Sisi wote wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Meerim anakuamkia. Mwanetu Aydar naye amekusalimu kwa kupiga kelele juu ya karatasi, maana anaamini barua inasikia.

Toktosun amenifikishia swali lako neno kwa neno: kuna nini katika hicho kitongoji cha maji hata mwanangu asahau njia ya malishoni? Nilicheka, kisha nikaona haya. Hakuna maajabu, Mama. Ni nyumba fupi fupi, miti ya aprikoti inayoinamia nyua za watu, na ziwa lisiloganda hata baridi ikaze vipi. Shule iko nyuma ya nyumba yetu. Kengele ikilia ndiyo kwanza watoto wanatafuta viatu. Hata samaki nimewazoea. Jirani yetu Raikan hunitania kila jioni: “Mchunga farasi mzima, unakula samaki namna hiyo! Subiri tu, utaota mapezi.”

Na ni mahali pa kulea mtoto, nitake nisitake. Mwezi wa Juni Aydar alitutoroka akaenda kuingia majini peke yake. Kabla Meerim hajamaliza kupiga mayowe, tayari Raikan alikuwa anamrudisha, kamviringishia koti lake, mtoto anatafuna samaki mkavu utadhani ndiye aliyemvua. Tuliogombezwa ni sisi, si yeye. Raikan akasema hapa mtaani mtoto ni wa kila mtu, ila kumwogesha ni kazi ya mama yake.

Lakini najua hukuuliza habari za aprikoti. Unachouliza ni mtoto yuko wapi.

Sijasahau siku Aydar alipoanza kutembea. Ulishuka mwenyewe na ile kamba ya sufu nyeusi na nyeupe, ukamfunga miguu, watoto wakashindana mbio, aliyeshinda akaikata ili mwenzao aende duniani bila kikwazo. Kisha ukasema mbele ya watu wote kwamba mzaliwa wa kwanza ni wa bibi yake, ndivyo tulivyowakuta wazee, na akiachishwa kunyonya utakuja kumchukua akae kwako. Nikasema ndiyo. Ningesemaje hapana, na mimi mwenyewe ni mtoto wa namna hiyo? Uliniomba kwa mwanao Askar na mkewe Zamira nikiwa mchanga, ukanilea, ukaniita kitinda mimba wako. Aliyenizaa nikafundishwa kumwita kaka, na mkewe shemeji. Sikukosa kitu kwako, Mama. Farasi ulinipa kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Na sasa nasikia umemtengea Aydar mwanafarasi mwekundu, na kila gari likipanda mlima unatoka nje kutazama.

Vuli iliyopita nilikuandikia kwamba mtoto ana surua. Hakuwa na surua. Masika nikasema theluji imefunga njia. Njia ilikuwa wazi. Toktosun alikuwa amepita juzi yake, nikamlisha pilau ili afunge mdomo.

Mwezi huu nikaona aibu imezidi. Nikamwomba shemeji Zamira aje kutoka mjini ampandishe Aydar kwako, kwa sababu mimi na Meerim tusingeweza kumtoa kwa mikono yetu. Tangu kaka Askar afariki, shemeji hajanikatalia jambo. Alifika, akakunja nguo za mtoto moja moja, akaingia naye garini. Meerim akajifungia jikoni. Mimi nikabaki getini nikipunga mkono kama mpumbavu.

Gari halikufika hata kwenye kona ya shule. Uliambiwa liliharibika, ni mimi niliyemtuma Toktosun akwambie hivyo. Halikuharibika, Mama. Zamira alilisimamisha, akashuka na Aydar begani, akarudi kwa miguu mpaka niliposimama, machozi hata hajayafuta. Akaniambia, “Mmoja nilimpeleka, sikusema neno. Wa pili simpeleki.”

Miaka yote ile alikuja malishoni na peremende mfukoni, akatumiminia chai, akaitwa shemeji na mtoto aliyemzaa, na hakuna aliyemuuliza moyo wake ukoje. Hata mimi sikumuuliza. Na pale getini, bila kupanga, mdomo wangu ukasema, “Karibu ndani, Mama.”

Hili ndilo linaloniuma kuliko ile surua ya uongo. Mtoto sitakuletea, ahadi niliyoitoa mbele za watu nimeivunja. Na neno lililokuwa lako peke yako nimempa mwingine, siku ile ile niliyokunyima mjukuu. Najuta, Mama, lakini siwezi kukudanganya tena kwamba ningefanya vingine. Nilaumu, nastahili. Ila nyumba hii usiilaani.

Tumekuandalia chumba. Dirisha lake linatazama milima, si maji, maana najua ziwa hulipendi. Mtakaposhusha mifugo, Toktosun atakuwekea kiti cha mbele. Zamira bado yuko hapa. Ndiye anayekushonea godoro. Anasema goti lako halitaki sufu ngumu, na kweli, mimi mwanao nilikuwa silijui hilo.

Nisalimie majirani wote wa malishoni, na mbwa wako mkorofi pia. Yule mwanafarasi mwekundu, nakuomba, usimpe mtu bado.

Ni mimi kitinda mimba wako, kama bado unaniita hivyo,

Kubanych