Kitambaa cha Buluu

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na kuku wako bado wanataga kwa ubishi wao uleule. Sisi huku wazima, na tunapendana mpaka majirani wanaona haya kwa niaba yetu. Ila nakuomba jambo moja: barua hii uimalize leo, kabla hujapanda kitandani.

Ndoa tamu, shangazi! Mume wangu ananiita malkia hata nikiwa nimeshika fagio. Akitoka kazini, huko anakopanda nguzo za umeme, huanza kuniimbia toka mlangoni, na sauti yenyewe ni ya kufukuza ndege shambani. Nami ile siri uliyoninong'oneza tulipokuwa tukifunga mizigo yangu niliitunza kama mboni ya jicho. Ulisema wanawake wa ukoo wetu tunakoroma kama mashine ya kusaga, na mwanamume akisikia mapema, mapenzi huota mbawa. Ukanipa kitambaa cha buluu, pacha wa hicho chako cha msumarini, ukanionyesha kukipitisha chini ya kidevu na kukifunga utosini, mdomo ufumbike. Kila usiku nilisubiri asinzie, kisha nikajifunga.

Mwezi wa pili wa ndoa, bwana harusi wangu akaanza kunyauka. Macho mekundu, nyimbo zimekatika, anasinzia na kijiko mkononi. Mara nyingi niliamka alfajiri nikamkuta amesinzia kitini, nikafungua kitambaa upesi asije akakiona. Nikimuuliza, anasingizia joto. Nikajua amenichoka. Halafu siku moja akarudi mchana, shati limechanika begani. Alikuwa amesinzia juu ya nguzo, mkanda tu ndio uliomshika. Msimamizi alimwambia akisinzia tena asirudi. Niliketi sakafuni nikalishona lile shati.

Nami sikuwa mzima. Naamka kichwa kizito, taya linauma. Jino la nyuma lilipomeguka nikitafuna karanga, akanipeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mwembamba asiyepoteza maneno. Nilidhani ataziba jino tuachane. Lakini alikaa akiyatazama meno yangu yaliyosagika, akasema ulimi wangu una alama za meno pembeni na koo ni jembamba. Akauliza kama nakoroma. Nikaruka kimanga. Akauliza mchubuko ulio chini ya kidevu ni wa nini. Nikasema ni wa mkufu. Akataka kujua ni mkufu gani huo unaovaliwa kwenye taya. Kisha akasema atamuuliza anayelala kando yangu, akamwita mume wangu aliyekuwa akisinzia kwenye benchi la nje.

Shangazi, nilitamani kile kiti kinimeze. Mume wangu alisimama akizungusha kofia mikononi, hanitazami. Akajibu kwamba kukoroma si neno, kunamfurahisha hata, maana anajua nipo. Kinachomtisha ni ninaponyamaza. Pumzi hukatika, kifua kinahangaika bila hewa, naye hunifungua kitambaa, hunigeuza ubavu, akangoja mpaka nivute pumzi kwa kishindo. Na kabla hakujapambazuka hunifunga tena, fundo lilelile, nisije nikaona haya. Ndiyo maana halali.

Nililia mdomo wazi, pamba za daktari na vyote.

Daktari akaeleza kwamba usingizini ulimi na taya langu dogo hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Kitambaa kilikuwa kinaficha kelele, hatari ikabaki palepale. Hakunitengenezea kitu siku ile. Alinituma kwanza kwa daktari wa usingizi, nikalala nimebandikwa nyaya. Majibu yalipotoka walishauriana, ndipo akachukua umbo la meno yangu na kunitengenezea kifaa cha mdomoni kinachoshika taya la chini mbele kidogo. Wengine, alisema, huhitaji mashine ya hewa. Nikikivaa nafanana na bondia, na mume wangu huniuliza leo ni raundi ya ngapi. Sasa analala fofofo. Nguzo anazipanda macho wazi, nyimbo zimerudi, na ndege wa mtaa mzima wamehama.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuharakisha. Daktari aliuliza nani alinifundisha kitambaa, nami nikakutaja. Siri yako nimeitoa, shangazi. Akauliza kama nawe unakifunga, kama unaamka umechoka, kama una presha. Nikakumbuka unavyosinzia ukichambua mboga, na presha yako isiyosikia dawa. Mwisho akauliza nani analala karibu nawe. Tangu mwenzio atutoke, hakuna. 

Jumamosi mume wangu anakuja kukuchukua. Daktari anakusubiri. Kitanda chako tumekiweka chumba cha pili, na mlango hautafungwa.

Wasalimie majirani na wale kuku wabishi. Mkweo anakuamkia, anasema masikio yake yameshazoea, nafasi ya mkoromaji wa pili ipo. Kitambaa ulichonipa sikirudishi. Na hicho kingine ulichobaki nacho, usiku wa leo kiache msumarini.

Akupendaye,
Kipusa wako