Mstari Baina Yangu na Wewe

Mtoni, Unguja
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Ummkulthum,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, vipi baba watoto, na Khairat meno yameshatoka? Nasikia Maskati sasa kuna kibaridi. Jifunike kifua, nakujua. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio siuwezi, lakini tutafika huko.

Barua hii anakuja nayo Haitham, mtoto wa Bi Mwanapili, pamoja na halua kidogo. Usinicheke kwa kushika kalamu zama hizi. Ujumbe wa simu nshakutumia mpaka nimechoka. Naona umesomwa, jibu silioni. Sikulaumu, una mtoto na kazi. Ila karatasi huwezi kuipitisha kwa kidole, itakaa mezani inakutazama.

Nyumba i salama. Nimepaka chokaa ukuta wa uani. Kiti cha Mama sijakihamisha. Jioni nikirudi kazini nafungua mlango na kupiga hodi, halafu naona haya peke yangu. Ramadhani ndiyo hiyo inakuja, ya kwanza bila yeye, na sijui nitafuturu na nani. Majirani watanialika, Mungu awajaze kheri, lakini nitakuwa mgeni kila siku.

Sasa nikupe habari yenyewe. Bi Mwanapili, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kile kikundi cha kinamama cha misiba na harusi, kaniomba nimtengenezee hifadhidata, yaani daftari la kompyuta, ya watu wa mtaa. Anataka mtu akifariki ijulikane papo hapo nani wa kupigiwa simu. Mwenyewe unajua siku aliyofariki Mama tulivyohangaika kuitafuta namba yako mpya.

Usiogope, sikusomeshi. Kabla ya kugusa kompyuta tunachora kwanza kitu kinaitwa modeli ya data ya kimantiki. Jina kubwa, jambo lenyewe dogo: unasema una vitu gani, kila kimoja kina sifa zipi, na kipi kinafungamana na kipi kwa kanuni gani. Itatumika programu ipi, hilo halijakuhusu bado. Basi nikachora kisanduku cha Mtu na kisanduku cha Nyumba, na mistari baina yao. Kila mtu nikampa nambari yake, maana akina Machano peke yao hapa mtaani wanatosha timu ya mpira. Nikaandika na kanuni: kila mtu ana mama mmoja na baba mmoja, walio na mama au baba mmoja ni ndugu, wa kupigiwa simu ni wazazi, mume au mke, watoto na ndugu.

Nikajisifu, kazi imekwisha. Ilibaki kuijaribu tu, na modeli hujaribiwa kwa kumtia mtu wa kweli na kuifuata mistari kwa kidole. Nikasema nijitie mimi, nijifanye nimekufa. Usinune. Mama mzazi: alifariki akinizaa. Baba: alirudi kwao bara ningali mchanga, akafia huko. Mume sina, mtoto sina, wala hawakunizalia ndugu. Kidole kikafika ukingoni mwa karatasi. Nani wa kupigiwa simu? Hakuna.

Wallahi nililia, Kulthum. Nililia kama mtoto, na mchoro nimeuchora mwenyewe.

Nilipokwisha kujifuta kamasi ndipo nikaona ujinga wangu. Mimi, niliyenyonya ziwa la mama yako na kulelewa naye mpaka nikawa mtu mzima, ndimi niliyesahau kuweka kunyonyesha! Vitabu nilivyosomea havikuwa na jambo hilo, nami nikavifuata hivyo hivyo. Bi Mwanapili nilipomweleza alishika kichwa, maana hata harusi wangezitazamia humo, na walionyonya ziwa moja hawaoani.

"Astaghfirullah! Ungetuozesha ndugu kwa ndugu, we mwana!"

Nikachora mstari mpya: Mtu kamnyonyesha Mtu. Mama mmoja aweza kunyonyesha watoto wengi, na mtoto mmoja aweza kunyonyeshwa na mama zaidi ya mmoja. Na kwa kuwa jambo lenyewe zito, Bi Mwanapili akataka kanuni: mstari huo usitiwe mpaka athibitishe mtu anayejua. Nikaiandika kwa mkono wangu. Kisha nikajiuliza, wangu mimi atauthibitisha nani? Mama hayupo. Bi Mcha aliyekuwa akituogesha, maskini, sasa hata jina lake humpotea. Umebaki wewe tu.

Najua ulikuwa mchanga, hukumbuki kitu. Lakini Mama alitusimulia sote wawili kila Idi, huku akicheka mpaka machozi: uliponiona nimeshika ziwa lako ulinipiga teke, naye akakushika mguu mpaka nikamaliza kunyonya.

Nyumba siitaki. Undugu wa kunyonya hauna mirathi, nalijua hilo, na siku ukiitaka, ufunguo nitakukabidhi. Nnachotaka ni mtu mmoja hapa duniani aseme mimi ni wake. Siku ya mazishi mwanamke mmoja aliniuliza, uani petu pale pale, "Na wewe ni nani wa marehemu?" Nikaenda kuosha vikombe.

Nisalimie baba watoto, na Khairat mbusu mashavu yote mawili. Bi Mwanapili anakusalimu sana. Bi Mcha nilimtajia jina lako akatabasamu, sijui kama alikukumbuka. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, aifikishe Ramadhani nyumbani kwako na afya na riziki.

Haitham anarudi baada ya wiki moja. Si lazima uandike barua. Mpe kikaratasi tu, uandike "Nilimpiga teke." Mwenyewe nitajua.

Akupendaye, jibu lije lisije,
dada yako wa ziwa moja,
Salhiya