Ng'ombe wa Mbao Ambaye Papa Alimwita Mbuzi

Walikale, mvua ikinyesha tangu asubuhi

Dada yangu Mapendo,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako yote hapo Kirolirwe. Mukoje huko juu? Baridi bado inawauma ao jua limewakumbuka? Magoti yako je, yamekubali kushuka mtoni ao yanaendelea na mgomo wao? Shemeji amepona kile kikohozi? Sisi huku tuko wazima, Mungu asifiwe. Wifi yako ananenepa, mimi nakonda, kwa hiyo ukitujumlisha nyumba haijapoteza kitu.

Kabla hujaendelea, tafadhali toka ndani. Nenda nyuma ya jiko, ao hata mpaka kwenye maharagi, usome ukiwa peke yako. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, dada, ina sauti kubwa kuliko katekista wetu. Kila ninachokuambia, baba yetu anakisikia akiwa kitandani, na hili Papa hapaswi kulisikia. Umefika kwenye maharagi? Haya.

Katika kifurushi alichokuletea dereva wa Papa Kambale kuna ng'ombe. Usimfungue bado! Nakujua, tayari umekata kamba. Mrudishe ndani, nikueleze kwanza.

Unajua vile Papa alivyokataa simu tangu macho yake yazimike. "Simu iko ya watu wenye kuona," alikuambia, "mimi nitajuaje nani ananidanganya?" Wewe ulikuwa unamwekea simu kwenye sikio, mimi huku naita "Papa! Papa!", yeye anageuza kichwa kuelekea ukuta. Miezi na miezi nimekuwa nikisalimia ukuta wako, dada. Katika kituo chetu cha afya nimeshona vidole, vichwa, hata sikio la bwana mmoja aliyeng'atwa na mke wake. Lakini kimya cha Papa, sikujua nianze kukishona wapi.

Ndipo ugonjwa wa mbao uliponishika.

Papa Kambale ni yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka na malori, jirani yetu hapa Walikale. Hatupi kitu, hata msumari uliopinda. Alikuwa na mashini ya kushona ya kukanyaga kwa miguu, imekufa kichwa. Akaniambia, "Muganga, hii haishone tena, lakini miguu yake iko mizima. Kwetu niliona fundi anatosha sindano, anaweka musumeno pahali yake." Tukafanya hivyo hivyo! Pale sindano ilipokuwa ikipanda na kushuka, sasa kunapanda na kushuka kipande cha msumeno chembamba kama jani la nyasi, chenye meno ya mtoto wa panya. Miguu inakanyaga, mikono inaigeuza mbao polepole, na mbao inakatika kwa kona, kwa duara, kwa maua, kama vile unakata karatasi kwa makasi! Wenye kusoma wanaiita scie à chantourner. Mimi nikitamka hivyo ulimi unateguka, kwa hiyo naiita mshona-mbao. Shida ni moja tu: watu wakiona mashini ya kushona kwenye baraza yangu, wananiletea suruali.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa moyo, zawadi ya wifi yako. Ulipasuka katikati nikiwa namalizia. Aliutazama, akasema, "Asante sana. Njo vile nilikuwa najua." Lakini sikuchoka! Sasa kila mama anayejifungua kwetu namkatia jina la mtoto wake kwa mbao, alitundike nyumbani liwe ukumbusho. Wenye Anna na Noé wanapata mapema. Mama wa Emmanuel alingoja mpaka Emmanuel akaanza kukaa. Na vumbi la mbao, sitakuficha, linaingia mpaka kwenye sombe la majani ya muhogo na mawese. Wifi yako anasema siku moja nitajisaidia meza.

Jioni moja nilikuwa napapasa jina la mtoto kuona kama limelainika, nikasimama ghafula. Papa hana macho, lakini mikono anayo! Nikaamua kumkatia Madame, ng'ombe wake.

Madame wetu, dada! Mwekundu kama udongo wa njia, asiyekanyaga matope hata nyasi tamu zikiwa ng'ambo, pembe moja imesimama vizuri na nyingine imelala pembeni kama mkono wa polisi wa barabarani. Ng'ombe wote walikwenda na wenye bunduki mwaka ule tunaoujua, Madame naye, na juu ya wengine Papa hakuuliza kitu. Lakini jina la Madame aliendelea kulitaja. Papa alimpenda kuliko mimi na wewe tukiwekwa pamoja kwenye mizani, na watoto wako juu.

Sasa, Walikale ni msitu. Mbao ziko, tena nzuri, vipande vya mti wa libuyu ambavyo seremala anachomea moto vingefanya mtu wa kwetu Masisi alie kwa wivu. Ng'ombe ndiye hayuko. Mama Riziki, jirani yangu wa upande wa pili, mzaliwa wa hapa hapa, alinikuta nimeikodolea macho mbao.

"Muganga, unatafuta nini mu hiyo mbao?"

"Ng'ombe, Mama Riziki."

"Ile tunakulaka ku ndoa?"

"Njo hiyo. Lakini ikiwa imesimama."

"Eeh! Ikisimama inakuwaka namna gani?"

Nikashika kalamu nimchoree, ikaishia shingoni. Mimi, niliyelelewa na mashanza, maziwa ya mgando, mpaka nikaota ndevu, sikukumbuka mgongo wa ng'ombe unashukia wapi! Mama Riziki akanihurumia. Akafungua kamba ya mbuzi wake, akanisogezea. "Angalia huyu," akasema. "Uongeze tu."

Nikaongeza, dada. Nikampaka mawese ang'ae, nikakutumia nikijisifu.

Yaliyotokea upande wako unayajua. Upande wangu yalikuwa hivi. Nilikuwa namshona bwana mmoja mguu, panga lilikuwa limempiga shambani, simu ikalia, nikaona jina lako. Nikaibana kwa bega.

"Dada?"

Ikajibu sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Bauma."

Nikasimama wima na uzi mkononi. Yule bwana akalia, "Muganga! Sindano! Sindano iko ndani!"

"Papa!"

"Hii mbuzi iko ya nani?"

"Papa, si mbuzi. Ni ng'ombe. Ni Madame."

"Madame? Madame alikuwa na mugongo kama meza ya padri. Hii mugongo iko kama paa ya nyumba, mvua inaweza teremuka pande zote. Tena inanuka sombe!"

"Papa, ni mawese, nilitaka..."

"Nilijua ulikuwa unachunga ukilala. Rudilia."

Akakata simu. Mtu haoni, lakini kitufe cha kunikatia alikipata mara moja! Nikakaa chini nikalia, dada, nikicheka. Mgonjwa akanishika mkono: "Muganga, mbona unalia? Mguu wangu unakatwa?" Ilibidi nimwapie kwamba mguu uko salama, ni baba yangu amenitukana.

Tangu siku hiyo silali vizuri kwa furaha. Nimemkata Madame wa pili, na safari hii si ubao bapa. Nimejifunza njia mpya, sikiliza! Unachukua kipande cha libuyu chenye pande nne. Upande mmoja unabandika mchoro wa ng'ombe akionekana kwa ubavu, upande wa pili mchoro wa ng'ombe akikutazama usoni. Unakata wa kwanza, unarudishia vipande vyote mahali pake, unavifunga kwa bande yetu ya vidonda, unageuza, unakata wa pili. Mpaka hapo mkononi una kipande cha mti tu, huoni kitu. Halafu unafungua bande, unatoa vipande vya nje kimoja kimoja kama unavyomenya ndizi, na ndani, dada yangu, ndani kuna ng'ombe amesimama kwa miguu yake minne! Nilipiga kelele mpaka Papa Kambale akatoka dukani akidhani nyoka. Mama Riziki alimzunguka pande zote, kisha akasema, "Ah. Kumbe ni mbuzi yenye kujisikia."

Kwa mchoro wa uso ilibidi nijue pembe iliyolala ilikuwa ya upande gani. Tumegombana juu ya pembe hiyo tangu utoto, wewe ukisema kuume, mimi kushoto. Basi nikiwa nanyoa ndevu nikaona kovu langu. Unakumbuka siku Madame aliponigeukia nikimkamua? Nilikuwa nimekaa upande wake wa kuume, inzi akamuuma, akarusha kichwa nyuma. Pembe iliyosimama ingepita hewani. Iliyolala ndiyo iliyonipata, na kutoka pale ni ya kuume tu ingeweza kunifikia. Jibu nimelibeba usoni miaka yote nikibishana nawe. Umeshinda. Usipige vigelegele, Papa atasikia.

Kwa hiyo pembe ni yako. Mgongo nimeunyoosha mpaka padri mwenyewe angeweza kusomea misa juu yake. Mawese nimeacha, nimempaka nta ya nyuki. Juzi nikafumba macho nikampapasa toka pua mpaka mkia, na alikuwa yeye, Madame mzima. Mkia ule mrefu uliokuwa unafagia njia, nao nilikuwa nimeupatia.

Nikafurahi sana. Halafu nikaogopa.

Fikiria nawe. Papa atampapasa, hatakuta kosa, atasema "Eeh", atamweka chini ya mto wake wa kulalia. Basi. Atanipigia kwa nini? Umewahi kumsikia Papa anamtafuta mtu ili amsifu?

Nikarudi kwenye mashini, nikaukata mkia. Umebaki kisiki kifupi, kabisa kabisa kama mkia wa mbuzi wa Mama Riziki.

Sasa unajua kwa nini uko kwenye maharagi. Mpe mikononi tu, usitamke jina, usiguse mkia, usicheke. Yeye mwenyewe atafika huko nyuma. Simu iwe karibu yake, na iwe na moto wa kutosha kwenye betri, maana hatasema kidogo. Jioni zote nitakuwa kule kwenye kilima chenye réseau ya simu, mvua ao jua.

Nisalimie Shemeji, mumeo, umwambie kikohozi kikizidi asinywe tena dawa za sokoni. Nisalimie Mama Mkubwa hapo Masisi, na watoto wako wote, hasa yule wa mwisho anayesema mimi ni mnene kwenye picha. Wifi yako anawakumbatia.

Mkia wenyewe sikuutupa. Uko katika mfuko wa koti langu la kazi, nimeulainisha vizuri, na tundu la kuubandikia liko tayari. Papa akishamaliza kunitukana, mwambie mkia wa Madame uko kwangu, na njia ikifunguka hata kwa sisi tusio na lori, nitauleta kwa mikono yangu.

Ni mimi ndugu yako, yule aliyechunga akilala,

Bauma